Kubadili paneli ya fyuzi na kuvuta nyaya upya kwenye boti ya mita 7: naomba ushauri

Nahodha wa Sahare, Tanga

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nina boti ya fibaglasi ya mita 7 yenye mashine ya kupachika ya nguvu za farasi 40 inayowashwa kwa stata, na kazi yake kubwa ni uvuvi wa mshipi wakati wa usiku kati ya Ulenge na Kigombe. Kwa kuwa kusi imekwisha kushika na siku za kutoka zimekuwa chache, niliipandisha pwani kwa maji ya bamvua yaliyopita, nami nataka kuutumia muda huu kung'oa umeme wote wa zamani na kuweka mpya, kuanzia betri hadi taa ya mwisho.

Hali niliyoikuta ni hii. Paneli iliyo chini ya usukani ina nafasi sita za fyuzi za kioo. Vishikizo vyake vimeota ukoko wa kijani, viwili vimekatika kabisa, na mahali pa fyuzi moja mwenye boti wa kwanza alizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Nyaya ni zile pacha nyembamba za taa za nyumbani, za milimita 0.75 za mraba. Zimeungwa kwa kusokotwa na kufungwa tepu nyeusi, na viungo kadhaa vimelala ndani ya ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya boti, ambamo maji ya chumvi hayakosekani. Nilipowasha taa mbili za omo, yaani za mbele, ambazo ni za balbu za wati 12 kila moja, mita ilionyesha volti 12.6 kwenye betri na volti 10.4 tu kwenye taa. Kwa kuifuata njia ya waya, kutoka betri iliyo tezi, yaani nyuma, hadi taa hizo ni mita 7.

Vyombo nilivyonavyo ni pampu ya ngama yenye swichi ya boya inayoiwasha maji yakipanda, taa za pembeni na taa nyeupe ya juu, taa moja ya kufanyia kazi, kipima kina chenye ramani, redio ya VHF ya mawasiliano ya baharini ya wati 25, na mahali pa kuchajia simu. Betri ni moja ya asidi, amperi-saa 100.

Fundi mmoja wa magari ameniambia nifunge fyuzi za amperi 30 kila mahali ili zisiungue ovyo, kisha nyaya zote za hasi nizipeleke kwenye bodi ya mashine kama afanyavyo kwenye gari. Sikuridhika, lakini sina elimu ya kutosha ya kumpinga. Naomba mnieleze nichague waya upi, fyuzi zipi, na nianzie wapi.

Fundi Waya wa Ngamiani

Waalaikum salaam, nahodha. Ushauri wa fyuzi za 30 kila mahali usiufuate hata kidogo, na nitakueleza sababu kabla ya jambo lingine lolote, maana ukiishika sababu hiyo hutahitaji tena kumwuliza mtu ukubwa wa fyuzi. Kazi ya fyuzi ni kuulinda waya. Waya wa 0.75 ukipata shoti nyuma ya fyuzi ya amperi 30, waya ndio utakaogeuka fyuzi: utapata moto, ganda lake la plastiki litayeyuka na kuwaka ubavuni mwa boti, pengine hatua mbili kutoka kwenye tangi la petroli, huku fyuzi ikiwa nzima. Betri ya amperi-saa 100 ikipigwa shoti husukuma zaidi ya amperi elfu moja kwa muda mfupi, na hakuna waya mwembamba unaostahimili mkondo huo. Kwa hiyo mpango huanza kwenye chombo: jua kinakula amperi ngapi, chagua waya unaoweza kuzibeba kwa umbali huo, kisha chagua fyuzi isiyozidi uwezo wa waya huo.

Sasa tuzitazame volti zako, kwa sababu vipimo ulivyochukua vinaeleza mengi kuliko unavyodhani. Upotevu wa volti hupatikana kwa kuzidisha urefu wa kwenda na kurudi kwa amperi, kisha kwa 0.0175, ambacho ndicho kipimo cha ukinzani wa shaba, halafu kugawanya kwa unene wa waya kwa milimita za mraba. Taa zako mbili za wati 12 zinakula amperi 2 kwa pamoja. Kwenda na kurudi ni mita 14. Kwa hiyo 14 mara 2 mara 0.0175 kugawanya kwa 0.75 ni volti 0.65. Lakini wewe umepoteza volti 2.2. Waya, pamoja na wembamba wake wote, unadaiwa 0.65 tu, zile 1.5 zilizosalia zimeliwa na viungo vyako vya tepu na vishikizo vya paneli vilivyooza. Volti 1.5 kwa amperi 2 ni wati 3 za joto zinazozalishwa ndani ya viungo vilivyofunikwa, kila usiku unapowasha taa. Ungenunua waya mnene kuliko wote mjini na ukaviacha viungo vile, taa zingeendelea kufifia.

Ukivuta waya mpya wa milimita 2.5 za mraba kwa taa hizo hizo, upotevu unashuka hadi volti 0.2 hivi. Kanuni za ABYC, baraza la boti na yoti la Marekani, zinataka upotevu usizidi asilimia 3 kwa vyombo vya usalama kama taa za safari, yaani volti 0.36 kwa mfumo wa volti 12, na huruhusu asilimia 10 kwa vyombo visivyo vya lazima. Sisi hatufungwi na kanuni za Wamarekani, lakini kipimo hicho nimekiona kuwa cha busara, nami nakitumia.

Kuhusu aina ya waya, usiweke waya wa nyumbani. Ule wa nyuzi moja nene hukatika kwa mtikisiko, na ule wa nyuzi nyingi za shaba tupu hunyonya chumvi kuanzia kwenye ncha hadi ndani kabisa ya ganda, ukaukata baadaye ukaukuta mweusi hata mahali ambapo ganda halina jeraha. Unaofaa baharini ni waya wa nyuzi nyingi za shaba iliyopakwa bati. Watu huniambia kwamba waya huo haupatikani Tanga, na kwa jina la waya wa boti kweli ni adimu, lakini kila duka la sola lina waya wa paneli za jua wa milimita 4 na milimita 6, ambao ukiwa halisi ni shaba ya nyuzi nyingi iliyopakwa bati, na ganda lake hustahimili jua. Kwangu huo ndio ufumbuzi mwepesi kuliko wote. Sharti ni moja: uupime kabla ya kulipa. Kata kipande, kwangua uzi mmoja kwa kisu. Chini ya weupe wa bati uone wekundu wa shaba. Ukikwangua ukakuta weupe mpaka ndani, huo ni wa alumini, urudishe.

Fyuzi chukua za bapa, zile za magari ya kisasa, kwa kuwa zinapatikana kila mahali na rangi zake zinajulikana: 5 ni kahawia iliyopauka, 7.5 kahawia, 10 nyekundu, 15 buluu, 20 njano, 30 kijani. Paneli yake iwe na mfuniko na baa ya hasi ndani yake, yaani kipande cha chuma ambako nyaya zote za hasi hukutana. Taa za safari weka 5, kipima kina 3 au 5 kama kitabu chake kinavyosema, redio 10, taa ya kazi 5, chaja ya simu 5. Vyote hivyo vikiwaka kwa pamoja, redio ikiwa inatuma, havizidi amperi 15. Kwa hiyo waya mkuu kutoka betri hadi paneli, ambao nakadiria kuwa mita 3, uwe wa milimita 10 za mraba, na fyuzi yake kuu iwe ya 40.

Fyuzi kuu hiyo ikae karibu kabisa na betri. Kipimo cha ABYC ni inchi 7, ambazo ni sentimita 18. Kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi kuu hakina mlinzi, hivyo kila sentimita unayoiongeza hapo ni ya hatari. Waya mnene wa stata peke yake ndio ambao kwa desturi haupitii fyuzi, kwa sababu ya mkondo mkubwa wa kuwashia. Huo upite kwenye swichi kuu tu, ulindwe vizuri usisuguliwe na kitu.

Viungo vyote bana kwa koleo, kisha lehemu kwa risasi, ndipo ufunike.

Mwalimu wa Umeme, Pangani

Namuunga mkono Fundi Waya kwa karibu kila neno, hasa hesabu ya viungo, ambayo wanafunzi wangu wengi wa umeme wa magari huiruka wakakimbilia kununua waya. Hata hivyo, hilo la kubana na kisha kulehemu sikubaliani nalo kwa boti, na ningependa nahodha asikie hoja ya upande wa pili kabla ya kuanza kazi.

Risasi iliyoyeyuka hupanda ndani ya nyuzi za waya na kuzigandisha pamoja. Mahali ilipoishia risasi ndipo waya unapobadilika ghafla kutoka mgumu kuwa laini, na mtikisiko wote wa mashine na mapigo ya mawimbi hukusanyika hapo hapo. Nyuzi hukatika moja baada ya nyingine, bila dalili ya nje, mpaka usiku mmoja taa inazimika. Ndiyo maana kanuni hizo hizo za ABYC zinakataza risasi kuwa kitu pekee kinachoushikilia waya. Kichwa cha waya kilichobanwa sawasawa kwa koleo lenye meno ya kipimo, lile lisilofunguka mpaka limefika mwisho, hakihitaji risasi. Hewa haipiti kati ya nyuzi na bomba la kichwa. Tatizo ni kwamba wengi hubana kwa koleo la kawaida au kwa kugonga nyundo, kichwa kikachomoka, kisha lawama ikapewa njia yenyewe. Baada ya kubana, vuta kwa mkono kwa nguvu. Kikichomoka, kilikuwa kibovu.

Vichwa vya waya vina rangi kulingana na unene, na usivichanganye: vyekundu ni vya milimita 0.5 hadi 1.5, vya buluu ni vya 1.5 hadi 2.5, vya njano ni vya 4 hadi 6. Tafuta vile vya tundu la duara, vinavyopitishwa skrubu, kuliko vya uma, kwa sababu skrubu ikilegea kidogo, cha uma kitaponyoka na cha duara kitabaki. Juu yake vuta mpira unaosinyaa kwa joto, ule wenye gundi ndani. Ukiupasha, gundi hutoka pembeni na kuziba kabisa. Tepu nyeusi ikae mbali na boti hii. Gundi yake huyeyuka kwa joto la pwani, tepu ikafunguka, na kabla ya kufunguka huwa imekwisha kuhifadhi unyevu.

La muhimu kuliko yote ni kupunguza idadi ya viungo. Waya utoke kwenye paneli hadi kwenye chombo bila kuungwa njiani. Pale ambapo huwezi kuepuka, kama kwenye pampu inayokuja na kipande chake kifupi cha waya, kiungo kipandishwe juu kadiri waya unavyofika, kisilale ngamani.

Na kuhusu hasi kwenye bodi ya mashine: gari lina bodi ya chuma inayobeba mkondo wa kurudi, boti yako ni ya fibaglasi. Kila chombo kiwe na waya wake wa hasi unaorudi kwenye baa ya hasi, unene sawa na wa chanya, na baa hiyo iende betrini kwa waya mnene kama ule mkuu.

Mjenzi wa Mashua, Bagamoyo

Habari za Tanga. Mimi kazi yangu ni ya mbao, lakini hili la hasi kwenye mashine nimeona madhara yake kwa macho kwenye mashua tunazozipandisha hapa pwani kwa matengenezo, kwa hiyo niongezee.

Waya wa chanya uliochubuka ukigusa maji ya ngama, mkondo hauachi kutembea hata taa zikizimwa. Hutafuta njia ya kurudi kwenye hasi kupitia maji ya chumvi, na chuma chochote kilicho upande wa chanya huliwa upesi kuliko kutu ya kawaida inavyoweza kula. Kwenye mashua za mbao tunakuta misumari na bolti za chini zimeliwa, wakati mwingine na mbao iliyozizunguka imelainika kama sabuni, kwa sababu mkondo huo hutengeneza magadi upande wa hasi, nayo huila mbao. Boti ya nahodha ni ya fibaglasi, hivyo mbao si hoja, lakini mguu wa mashine yake ni wa alumini, na alumini haivumilii kabisa mambo haya. Ukiufanya mwili wa mashine kuwa njia ya kurudishia mkondo wa taa na redio, unaualika mkondo kupita mahali usipokusudia. Hasi ya mashine iende betrini kwa waya wake yenyewe, basi. Utazame pia kile kipande cha zinki kilichofungwa kwenye mguu wa mashine: kikiisha upesi kuliko kawaida, kuna umeme unaovuja mahali fulani.

Kipimo rahisi cha kuvuja kipo. Zima vyombo vyote, ikiwamo redio na kipima kina, chomoa waya wa hasi betrini, kisha weka mita ya amperi kati ya waya huo na betri. Pasipo kitu kilichowashwa, mita isome sifuri au karibu na sifuri. Ikisoma zaidi, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Utakuwa umeupata mkondo unaotoroka. Usijaribu kuwasha stata wakati mita imekaa hapo, itaungua papo hapo.

Nahodha wa Sahare, Tanga

Nawashukuru sana, wote mmenifungua macho. Nimekwenda maduka mawili ya sola. La kwanza waya ulikuwa mweupe mpaka ndani, la pili nimeukuta wekundu nikanunua roli ya milimita 4. Nimebaki na mambo matatu. Kwanza, pampu ya ngama nayo ipite kwenye swichi kuu pamoja na vyombo vingine, au la? Nikiiacha boti kwenye nanga huwa nazima swichi kuu. Pili, nafasi ya paneli: chini ya usukani kuna nafasi, lakini tangi la petroli linaanza nyuma yake tu. Tatu, taa za safari: sasa hivi swichi moja inawasha zote.

Fundi Waya wa Ngamiani

Mwalimu, hoja yako ya risasi nimeipokea. Kwenye gari lililosimama juu ya springi madhara hayo hayaonekani sana, na huko ndiko nilikozoea. Kwenye boti kubana kunatosha.

Nahodha, pampu isipite kwenye swichi kuu. Boti ikiwa nangani na wewe uko nyumbani, ndipo inapohitaji kujitoa maji yenyewe, na mvua moja ya masika inaweza kuijaza. Waya wa pampu uanzie kwenye betri kabla ya swichi kuu, upite kwenye fyuzi yake yenyewe iliyo karibu na betri, ndani ya kishikizo kisichoingiza maji, uende kwenye swichi ya boya, kisha kwenye pampu. Waya wa pili utoke kwenye swichi ya usukani ili uweze kuiwasha kwa mkono boya likikwama. Kwa pampu ya amperi 4 iliyo umbali wa mita 4, hata waya wa 2.5 unapoteza volti 0.22 tu, wewe una wa 4, kwa hiyo huna wasiwasi.

Hapa pana jambo moja linalopita ile kanuni ya waya niliyoitanguliza. Pampu ikikwama kwa uchafu, magamba ya samaki au kipande cha mshipi, mota yake huvuta mkondo mkubwa bila kuzunguka na kuungua. Mtengenezaji huandika kwenye pampu fyuzi inayoikata kabla haijafika huko. Fuata namba hiyo, hata kama waya wako ungeweza kubeba mara tatu yake. Pampu ndicho chombo ambacho nisingekubali mtu apandishe fyuzi yake kwa sababu ya kuchoka kuibadilisha. Fyuzi ya pampu ikikatika mara kwa mara, pampu inakuambia kuwa ni chafu au inakufa.

Na swichi kuu yenyewe usiizime mashine ikiwa inanguruma. Mfumo wa chaji ukikosa betri ghafla volti zake hupanda, na daiodi zake huungua.

Kuhusu tangi, swali lako ni zuri na jibu ni kuhamisha paneli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka na kulala mahali pa chini, na swichi ya kawaida hutoa cheche kila inapofunguka. Paneli, swichi, na viungo visiwe katika chumba kimoja na tangi. Ipandishe ubavuni mwa usukani, juu, uso wake ukiwa wima ili maji yasitulie juu yake. Nyaya ziingie kwa chini na kila mmoja ushuke kidogo kisha upande kabla ya kuingia, ili tone la maji linaloteremka na waya lidondoke kwenye mpindo badala ya kuingia ndani. Kila tundu unalotoboa liwekwe mpira wa pembeni, kwa kuwa ukingo wa fibaglasi hukata ganda la waya kama msumeno. Shikilia nyaya kwa vibano kila nusu mita, au hata kwa ukaribu zaidi.

Betri nayo ifungwe kwa mkanda ndani ya sanduku lenye tundu la hewa juu. Inapochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo ni nyepesi na hupanda, na ikifika asilimia 4 tu katika hewa inaweza kulipuka kwa cheche.

Mzee wa Bandarini

Wanangu, mmeongea vizuri sana. Mimi nijibu hilo la taa, maana nyaya zake hutegemea sheria, na watu wengi wa boti ndogo hulipuuza mpaka siku ya kugongana.

Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinasema hivi kwa boti kama yako, iliyo chini ya mita 12 na inayokwenda kwa mashine: unaweza kuonyesha taa moja nyeupe inayoonekana pande zote, pamoja na taa za pembeni, nyekundu kushoto na kijani kulia, kila moja ikimulika nyuzi (digrii) 112.5 kuanzia mbele kabisa kuelekea ubavuni. Nyeupe ionekane maili 2, za pembeni maili 1. Nafuu ya kuonyesha nyeupe pekee ni ya boti isiyofika mita 7 ambayo mwendo wake wa juu hauzidi noti 7, yaani maili 7 za baharini kwa saa, na mashine ya farasi 40 inakutoa humo. Ukitia nanga, hata hivyo, unatakiwa uonyeshe nyeupe peke yake, zile za rangi zizimwe. Mtu akikuona na nyekundu ukiwa nangani, atadhani unakwenda, naye atageuza mwendo wake kwa kukukwepa mahali usipokwenda.

Kwa hiyo swichi moja inayowasha zote haifai. Funga swichi ya hatua tatu: katikati zimezimwa zote, upande mmoja nyeupe na za rangi pamoja, upande wa pili nyeupe pekee. Mwambie fundi asiifungie taa ya kazi kwenye swichi hiyo. Iwe na swichi yake na imulike chini kwenye sitaha, kwa sababu mwanga mkali usoni pako hukupofusha na kuzificha taa zako kwa wengine. TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, ndiyo yenye dhamana ya usajili na ukaguzi wa vyombo vidogo kwetu, na taa ni miongoni mwa mambo yanayotazamwa. Bora zikutwe zinafanya kazi.

Nahodha wa Sahare, Tanga

Shikamoo mzee, nashukuru sana. Nitanunua swichi ya hatua tatu. Nilifikiria pia kuziondoa balbu na kuweka taa za LED ili nipunguze mzigo wa betri. Kuna tatizo lolote?

Mwalimu wa Umeme, Pangani

Hakuna tatizo la mzigo, bali ni faida: taa zako mbili zitashuka kutoka amperi 2 hadi sehemu ndogo ya hizo, na betri itakaa usiku mzima bila kushuka chini ya volti 12.2, ambayo kwa betri ya asidi iliyopumzika ni kama nusu ya chaji. Tahadhari ni mbili. Nunua taa nzima iliyotengenezwa kwa ajili ya safari za baharini, usibadilishe balbu tu ndani ya taa ya zamani, kwa sababu kioo na umbo la taa ile vilipimwa kwa balbu yake, na zile nyuzi 112.5 alizozitaja mzee zinaweza kupotea. Ya pili ni kuhusu redio. Baadhi ya LED za bei rahisi hutoa kelele za umeme zinazoingia kwenye VHF. Ukishafunga, weka redio kwenye chaneli 16, shusha kinyamazishi, kile kitufe cha kuzuia mvumo wa redio, mpaka usikie mvumo unaanza, kisha washa na uzime kila taa. Mvumo ukibadilika taa fulani inapowaka, taa hiyo ipelekwe mbali na antena na waya wake, au irudishwe dukani.

Ukimaliza kazi yote, rudia kipimo chako cha kwanza: taa za omo zikiwa zimewashwa, betrini kisha kwenye taa. Tofauti ikizidi volti 0.36, usianze kubadilisha waya. Weka mita ya volti pande mbili za kila kiungo, kimoja baada ya kingine, kuanzia betri, fyuzi kuu, swichi kuu, fyuzi ya tawi, hadi taa. Kiungo kizima kitasoma karibu na sifuri. Kibovu kitajionyesha chenyewe kwa namba. Na usisahau upande wa hasi, kwa kuwa nusu ya njia iko huko. Chora mchoro wa nyaya zote, andika namba kwenye kila waya ncha zote mbili, na ubandike mchoro huo ndani ya mfuniko wa paneli ukiwa kwenye plastiki.